Sufuria Tatu na Ufunguo Mmoja

Ilikuwa Alhamisi, na ilikuwa Alhamisi kwa muda mrefu sasa. Jua lilikuwa limekwama pale linapokaa alasiri, na wingu zito lilikuwa limekaa juu ya kilima cha bwawa, limejaa, halishuki wala haliondoki. Mahindi yaliishia magotini. Mke wa kinyozi, aliyekuwa na mimba ya kujifungua siku yoyote, alisimama mlangoni kwake ameshika kiuno, na kila aliyepita alimpa pole ileile aliyompa awali. Watu wa mji ule hawakuhitaji mganga awaambie chanzo. Diwani wao aliondoka Alhamisi, kiti chake kikabaki wazi, na siku ikagoma kupita mpaka kiti kipate mtu. Siku nayo ina heshima zake. Haiondoki mahali pasipo na wa kuiaga.

Tuseme kwanza udiwani wa mji ule ulikuwa nini, maana kwingine udiwani ni kofia, na kwingine ni kiti cha mbele msibani. Pale ulikuwa ufunguo. Ufunguo wa chuma, mrefu kama kijiko cha kukorogea uji, unaofungua lango la bwawa kilimani. Mvua ikinyesha, diwani anapanda, anafungua kufuli, anazungusha usukani wa lango, na maji yanageukia mfereji wa mashambani. Asipopanda, maji yanapita Mtaa wa Chini. Basi. Hotuba zote, kamati zote, picha zote ukutani zilikuwa mapambo ya ufunguo huo. Na yule wa mwisho walimchagua kwa nyimbo, na khanga, na pilau. Mvua iliponyesha alikuwa mji wa jirani akivishwa shada la maua, ufunguo mfukoni.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Maji yalipita Mtaa wa Chini, yakaingia katika Hoteli ya Mapacha kwa mlango wa jikoni na kutokea kwa mlango wa wateja, na yalipotoka yalitoka na Kulwa. Kulwa alikuwa pacha wa Doto. Walikuwa wamezeeka pamoja jikoni mle, mmoja akionja chumvi, mwingine akikoleza moto, hata wateja waliacha kujisumbua kuwatofautisha wakawa wanamwita yeyote aliye karibu. Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya kumzika, na Alhamisi ikagoma kwisha. Kwa hiyo Kulwa hakuwa ameondoka kabisa. Alikaa kwenye kiti kando ya Doto, popote Doto alipokaa, pindo la khanga yake likidondosha maji sakafuni, haongei. Doto peke yake ndiye aliyemwona. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na ya nini?

Wazo la usaili lilikuwa la Mzee Bundala, karani mstaafu wa mahakama, mtu mwenye miwani mbili na jicho moja zima.

"Mpishi wa msibani tunampima," alisema mbele ya wazee. "Mlinzi tunamwomba wadhamini. Hata msusi, mama anakwenda kwanza kutazama kichwa cha jirani kilivyosukwa. Diwani tu ndiye tunayemchukua kwa ngoma. Safari hii tuajiri kama watu wanaoajiri."

Wakauliza nani anajua kuajiri. Majibu yakaja kwa sauti moja: Doto. Hoteli ya Mapacha ilisifika kwa wafanyakazi wake. Na kila mtu alijua kipimo cha mapacha: anayeomba kazi hupewa sufuria chafu, majivu na kigunzi cha mahindi, anaambiwa, "Osha." Hakuna maelekezo zaidi. Wengi huosha mahali watu wanapopaona. Wachache hukigeuza chombo na kusugua kitako chake chenye masizi, mahali ambapo hakuna mteja atakayetazama. Hao ndio walioajiriwa.

Doto akakubali kukaa kwenye meza ya wasaili, pale pale hotelini. Akapewa kiti, akaomba cha pili.

"Cha nani?" akauliza Bundala.

"Cha kuwekea mkoba."

Hakuwa na mkoba. Bundala hakuuliza tena.

Walikuja waombaji, wakaenda, na Doto aliwakataa wote. Huyu macho yake yanakimbia. Yule macho yake hayakimbii, amejifunza wapi kutokimbia? Huyu ana marafiki wengi mno, yule hana hata mmoja, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sasa hawa waliotembea mpaka hapa ni kipi kati ya hivyo viwili? Bundala akawa anafuta majina na kupumua. Mwishowe walibaki watatu, na Bundala akasema kwamba baada ya hawa mji hauna mwingine, labda waajiri mbuzi.

Wa kwanza alikuwa Mashauri, mwanakamati wa kila kamati.

"Shikamoo, mama," akasema, akapiga goti moja.

"Marahaba." Doto akalitazama goti. Lilikuwa na vumbi jekundu, na sakafu ile ilikuwa imepigwa deki. Magoti mangapi yamepigwa mtaani kabla ya goti hili kufika hapa?

"Jieleze kwa ufupi," akasema Bundala.

"Mimi ni mtu wa watu, mzee. Sikutaka nafasi hii. Nafasi ndiyo iliyonifuata nyumbani."

"Kazi yako ya mwisho uliiacha kwa nini?" akauliza Doto.

"Sikuiacha, mama. Ilikamilika kwa mafanikio."

"Kazi gani?"

"Kamati ya ujenzi wa choo cha soko."

"Choo hakipo."

"Kamati ilimaliza muda wake, mama," akasema Mashauri kwa upole, kana kwamba ndilo lililoulizwa.

Anacheka, akawaza Doto. Kwa nini anacheka. Meno meupe. Mtu mwenye meno yale ana muda wa kuyatunza. Na mimi ni nani hata nimhukumu mtu kwa meno? Ndimi mwenye mji. Mwenye mji gani anayeshukuru akiamkiwa na mtumishi wake. Mtumishi gani huyu ambaye kesho, akishapata, bosi wake ndiye atakayesimama juani kumsubiri apite. Mpishi wangu nikimwajiri ananiogopa mimi. Diwani nikimwajiri namwogopa yeye. Mahali fulani kati ya kumpa kazi na yeye kuipokea, kitu kinageuka kama chapati, upande wa juu unakuwa wa chini. Nimekaa macho kukiona kinapogeuka. Sikioni. Kulwa, wewe unakiona?

Kulwa aliinamisha uso. Maji yakadondoka kwenye pindo.

"Osha," akasema Doto, akamsukumia Mashauri sufuria.

Wa pili alikuwa Mwalimu Lukelesha, mkuu wa shule mstaafu, suruali imenyooshwa hata mkunjo wake ungekata mkate. Aliposema "uadilifu" alinyanyua kidole, na aliposema "uwazi" alikishusha. Bundala alimwuliza udhaifu wake.

"Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi."

"Mkeo anasemaje juu ya hilo?" akauliza Doto.

"Mke wangu hana malalamiko."

"Nimekuuliza anasemaje, sikuuliza analalamika nini."

Mwalimu akatabasamu, na hapo ndipo Doto alipoanza kuogopa. Tabasamu lilikuwa la Mashauri. Si kwamba lilifanana. Lilikuwa lilelile, limehamishwa toka uso hadi uso kama kiti kinachoazimwa kwa jirani wakati wa sherehe. Akatazama vizuri. Mashavu yakajaa, kipara kikang'aa, na kwa muda mfupi aliyekaa mbele yake alikuwa diwani wa Jumatano, na shada lake shingoni. Doto akafumba macho, akafumbua. Mwalimu tu. Lakini mtu ukishaona kitu huwezi kukitapika. Labda hapakuwa na waombaji wengi hata siku moja. Labda tangu dunia ianze ni mwombaji mmoja tu, anatoka kwa mlango huu, anabadilisha shati, anaingia kwa mlango ule, na sisi tunampigia kura dhidi ya nafsi yake na kushangilia kwamba tumechagua.

"Osha," akasema, akamsukumia sufuria.

Wa tatu hakubisha hodi, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Aliingia na katambuga miguuni, mwanamke wa makamo, shingo ngumu, akasema, "Habari za hapa," kisha akaketi kabla hajakaribishwa. Doto alikuwa mkubwa kwake kwa miaka ya kutosha kuamkiwa vizuri. Hakuamkiwa. Akaliweka hilo moyoni, mahali pa karibu.

"Jina?" akauliza Bundala.

"Shija."

Doto akainua kichwa. Kwao, mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Shija, apende asipende. Kwanza Kulwa, kisha Doto, kisha Shija. Mama yao hakuzaa tena baada yao, na jina lile lilikaa nyumbani kwao bila mtu, kama kigoda kisichokaliwa.

"Umezaliwa nyuma ya mapacha?"

"Ndiyo. Walikufa wachanga. Nimekua nikiambiwa nimekalia mahali pa wenyewe."

Doto hakupenda jibu lile. Lilikuwa zuri mno. Mtu anaweza kulitunga jibu kama hilo njiani.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?" Bundala akaendelea.

"Nyumba yangu iko Mtaa wa Chini."

Bundala akangoja ziada. Haikuja. Badala yake Shija akauliza, "Na mimi nina swali. Bosi ni nani?"

"Wananchi," akasema Bundala.

"Wananchi ndio nani? Siku mvua ikinyesha nikapitiwa na usingizi, nani atakuja kunigongea mlango?"

Bundala akatazama makaratasi. Hapakuwa na kitu pale cha kumsaidia.

"Yule aliyepita," akasema Shija, "nani alimgongea? Maana nasikia mlimfuata kwa ngoma mpaka ofisini, mkamwacha mlangoni, mkaenda kulala. Mimi nikiajiri kibarua shambani sirudi ndani kulala. Si kwamba namwona mwizi. Shamba ni langu."

Doto alihisi hasira inampanda kutoka kwenye nyayo. Mwombaji gani anamsaili msaili? Nani kamwambia Jumatano ni ya kuchezea? Hakujua kama alikasirika kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kiburi au kwa sababu yalikuwa na anwani yake. Akaisukuma sufuria ya tatu kwa nguvu hata ikapiga kelele mezani.

"Osha."

Shija alikwenda nayo uani, akarudi nayo mapema kuliko wenzake. Doto aliigeuza mara moja. Kitako kilikuwa cheusi tititi, masizi yameganda kama yalivyokuwa.

"Hapa hukupaona?"

"Nimepaona. Kesho inarudi motoni, patakuwa hivihivi. Na majivu yenyewe yalikuwa kiganja kimoja."

"Toka."

Shija akatoka. Hakubembeleza. Akakaa kwenye ngazi ya nje akiangalia wingu la kilimani. Moyo wa Doto ukatulia, na kutulia kule peke yake kulipaswa kumshtua.

Zikabaki sufuria mbili, vitako juu, ziking'aa hata mtu angejitazama na kuchana nywele. Bundala alipatwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Alhamisi ianze. Akautoa kwenye kitambaa ufunguo, ulioachwa na diwani alipoondoka, akaupitishia kamba ya katani, akasema kwa maoni yake Mashauri ameng'arisha zaidi kidogo. Mashauri akainamisha shingo, tayari.

"Uji kwanza," akasema Doto.

Ndiyo iliyokuwa desturi ya hoteli: aliyeajiriwa hupika uji wake wa kwanza kwa sufuria aliyoiosha mwenyewe, na walioajiri wanakunywa wote. Doto akaigeuza sufuria ya Mashauri, akamimina maji, akatia mkono kuyapitisha pembeni, kwa mazoea tu, akiwaza mengine. Vidole vikakwaruza. Akaingiza ukucha. Ukoko wa ugali, mgumu, umekaa chini na kupanda pembeni, na juu yake utando wa mafuta ya zamani. Akaivuta sufuria ya Mwalimu. Ukoko uleule. Alikuwa amezipokea zote mbili kwa mikono yake, akazigeuza, akazisifu, akazilaza kifudifudi, na hakuwahi kutazama ndani.

"Hamkuosha ndani," akasema taratibu.

"Mama, tuliambiwa unaangalia nje," akasema Mashauri, na kwa mara ya kwanza alionekana mkweli, hata ameonewa.

"Maelekezo hayakutaja ndani," akaongeza Mwalimu.

"Nani aliwaambia naangalia nje?"

Walitazamana. Bundala ndiye aliyejibu, akifuta miwani yake mojawapo. "Doto, mji mzima unajua. Umekisimulia kipimo chako kila harusi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulikusifia, wewe ukasimulia."

Doto akageukia kiti cha pili. Hakujali tena nani anamtazama akiongea na kiti.

"Kulwa. Tulikuwa tunapimaje?"

Kulwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumatano, akainua uso. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekumbushwa wapi aliweka chumvi.

"Wewe ulikuwa unageuza nje. Mimi naangalia ndani. Halafu tunaambiana."

Alisema kweli. Kipimo hakikuwa cha mtu mmoja hata siku moja. Doto alikuwa amebaki na nusu yake, akaitembeza nusu ile mbele ya mji kama kitu kizima, na katika nusu ile kila mjanja alijua pa kusugua. Aliona uchungu, aliona na aibu, na chini ya vyote viwili aliona kitu kibaya zaidi, kitu alichokuwa amekikalia muda wote. Aliwakataa wote waliokuja kwa kuwa aliwashuku, ndiyo. Lakini pia alipenda kuwashuku. Kila mwombaji aliyekataliwa aliiongeza Alhamisi, na Alhamisi ikiongezeka, Kulwa anakaa. Siku akisema "huyu", siku itapita. Wingu litashuka. Kiti hiki kitakuwa cha kuwekea mkoba kweli.

"Tutafute kipimo kingine," akasema Bundala kwa huruma, kwa sababu hata jicho moja linaona kitu. "Tunaanza upya, taratibu. Muda upo."

Muda ulikuwepo, tele, umelala barabarani kama mbwa. Kupitia dirishani Doto alimwona mke wa kinyozi, ameshika kiuno, mlangoni. Akakaa akimtazama kitambo. Halafu akainuka, akaichukua sufuria nyeusi iliyosukumwa pembeni, akaitia mkono ndani.

Ilikuwa safi. Chini, pembeni, hata pale kwenye msumari wa mpini, ambapo uchafu hujificha kwa watu wote. Akanusa. Chuma tu.

Na bado hakumwamini. Labda ni mvivu, akawaza, aliishiwa majivu akakatisha. Labda alisikia kwamba Doto anaangalia nje, akaosha ndani kusudi, ujanja juu ya ujanja. Mtu huwezi kuingia ndani ya mtu ukakwaruza na ukucha. Ndani ya sufuria unafika; ndani ya mtu unafika mlangoni, unabisha, unasikiliza, basi. Ulikuwa ni ujinga kungoja siku atakapokuwa na hakika. Siku hiyo haikuwa Alhamisi wala siku nyingine yoyote.

Akauchukua ufunguo mkononi mwa Bundala. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Kulwa."

"Nenda," akasema Kulwa, kama alivyomharakisha jikoni siku zote. "Ugali utaungua."

Shija alikuwa bado kwenye ngazi. Doto akamvisha kamba shingoni bila maneno, kwa kuwa maneno yote ya shughuli ile yalikuwa yamekwisha kutumiwa na watu wengine. Kivuli cha ngazi kikasogea. Mlango wa pili, mke wa kinyozi akatoa sauti nzito ya uchungu, na wanawake wakaanza kukimbilia kwake. Tone la kwanza likaanguka kwenye vumbi, likafuatwa na jingine. Doto hakugeuka kutazama kiti. Alisikia tu, nyuma yake, maji yakiacha kudondoka sakafuni.

Shija akaondoka mbio kuelekea kilimani. Alipofika kwenye mpando alisikia mtu anahema nyuma yake. Akasimama, mvua ikimchapa usoni.

"Rudi, mama. Kuna utelezi. Si mmeniajiri?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Unanifuata kwa kuwa huniamini?"

"Sikuamini," akasema Doto.

Shija alimtazama. Kisha, bila kucheka, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali lake la nani atamgongea mlango. Wakapanda. Bwawa lilikuwa limefika shingoni, maji yameshakuwa mekundu, yanasukuma ukuta. Kufuli ikafunguka. Usukani wa lango, uliokuwa na kutu, haukutaka kwenda. Shija akaning'inia upande mmoja kwa uzito wake wote, miguu ikiteleza kwenye katambuga, na usukani ukasogea kiasi cha kidole, ukakwama.

"Hauwezi kuzungushwa na mtu mmoja," akasema, akihema. "Haukuweza tangu mwanzo. Madiwani hawakuwaambia?"

Hakuna aliyewaambia. Hakuna aliyewahi kupanda kuuliza. Doto akaangalia chini, kwenye mabati ya Mtaa wa Chini, kwenye bati la hoteli yake, na moshi mwembamba uliokuwa unatoka jikoni ambako hapakuwa na mtu.

"Bado huniamini?" akauliza Shija.

"Bado."

"Vizuri. Shika upande ule."

Doto akashika.